Kile Kichupa cha Pua Nilichokutumia

Mejumaa mwanangu,

Watu wakiandika barua huanza kwa kusema ni wazima, hata kama wameandika wamelala chali na homa. Mimi mwenyewe nimekutumia salamu za namna hiyo mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Leo nakwambia niko mzima na ni kweli. Nimelala vizuri, nimeamka nikipumua kwa matundu yote mawili ya pua, na nimejua jirani anachemsha chai ya iliki kabla sijafungua mlango.

Ni siku yetu ya kupumzika. Wenzangu wako nje wanagombania mashine ya kufulia, mimi nimekaa kitandani na kipande cha mbao magotini, ndiyo meza yangu. Nikimaliza nitazipiga picha kurasa hizi nikutumie kwa simu jioni, kwa sababu kesho alfajiri unaondoka kwenda chuo na nataka uzisome kabla hujafunga begi. Ningeweza kukutumia sauti, lakini unanijua: nitaanza na kuku, niende kwenye mvua, niulize paa limevuja wapi, na nililotaka kusema litabaki mdomoni. Halafu sauti ungeisikiliza mbele ya mamako na wadogo zako, na haya nataka uyasikie wewe kwanza.

Kuhusu blanketi, soksi na kuwahi stendi, mamako ameshakwambia, na kwa ninavyomjua amekwambia hata ulipokuwa bafuni. Sirudii. Mimi nina jambo moja tu.

Wiki iliyopita ulinipigia nikiwa kazini. Ukasema, "Baba, ukimpata mtu anakuja huku usisahau dawa yangu. Nitumie hata vichupa vitatu, vinitoshe muhula mzima. Kericho ni baridi." Nikacheka, nikakuuliza dawa gani. Ukasema, "Si ile ya pua? Nikiikosa silali, baba. Naamka usiku naipapasa chini ya mto." Ulisema kwa wepesi, kama mtu anayezungumzia kitana. Nikakujibu inshallah, nikakata simu, na nikabaki nimekaa juu ya rundo la mbao mpaka fomeni akaniita, "Bakari! Yalla! Mbao zinataka kubebwa, hazitaki kukaliwa!"

Sikumsikia mara ya kwanza. Nilikuwa namsikia mtu mwingine. Dawa yangu, silali, chini ya mto: maneno hayo yote niliyasema mimi kabla yako. Na kichupa hicho nilikituma mimi.

Vile vitatu sitakutumia. Nimeona nilitangulize hilo ili usisome barua nzima ukisubiri.

Sasa nikueleze kwa nini, na ili uelewe inabidi nikupeleke kwanza chumbani kwetu. Tuko sita. Mimi peke yangu natoka Pwani, Kato ni Mganda na analala kitanda cha juu yangu, wengine wanatoka nchi za mbali zaidi. Kila chumba hapa kambini Al Quoz, Dubai, kina desturi zake, na yetu moja ni kopo la biskuti linalokaa juu ya friji. Mtu akirudi likizo kwao, kabla hajaulizwa kuhusu watoto anaulizwa amebeba dawa gani. Anazimwaga kitandani, tunazitazama, kisha zinaingia koponi. Maboksi na karatasi zake tunatupa, zinajaza nafasi. Baada ya hapo dawa haina jina. Kuna ya njano ya mafua, kuna ya pinki ya tumbo, kuna nyeupe kubwa ya kichwa. Anayeumwa anainuka, anachagua rangi, anameza, anarudi kulala. Kato alikuwa anasema, "Hospitali yetu haina daktari, lakini tazameni, haina foleni!"

Tulicheka. Na sikwambii kwamba tulikuwa wajinga tu. Mtu aliye mbali na kwao, anayeogopa kukosa siku ya kazi, anaona kopo lile ni upendo. Mwenzako amebeba dawa kutoka kijijini kwao kwa ajili ya kifua chako. Utamwuliza ni ya nini hasa? Ungeona haya.

Humo ndimo kilimoingia kichupa cheupe chenye kofia ya buluu. Kazi yetu ni karakana ya milango na makabati. Mimi napakia na kupakua, lakini vumbi la mbao halichagui nani fundi na nani mbebaji. Nje joto linakuchoma masikio, ndani ya chumba kiyoyozi kinavuma usiku kucha kama tuko kwenye friji la duka la nyama. Nilipata mafua, pua ikaziba, nikawa nalala mdomo wazi na kuamka ulimi mkavu. Mmoja wetu akasema chukua kile cheupe. Nikapulizia. Kabla sijakirudisha koponi pua ilikuwa imefunguka, hewa inaingia baridi mpaka machozi yakanitoka. Nilidhani nimepata muujiza.

Siku za mwanzo nilipulizia asubuhi, nikafika jioni. Baadaye asubuhi ikanifikisha mchana tu. Baadaye ikanifikisha chai ya saa nne. Mafua yenyewe yalikwisha zamani, lakini pua ilikuwa inaziba kila dawa inapoisha nguvu, na inaziba vibaya kuliko mwanzo. Nikalaumu vumbi. Nikalaumu kiyoyozi. Hata siku moja sikukilaumu kichupa. Nikanunua changu cha mfukoni, kile cha kopo kikabaki cha wote. Usiku nilikiweka chini ya mto, na nikikikosa nilikuwa naamka na moyo unanidunda, napapasa godoro kama niliyeibiwa.

Wakati huohuo wewe ulikuwa kidato cha nne. Mamako akaniambia pua yako imeziba, huwezi kusoma, na mtihani umekaribia. Nilifurahi, Mejumaa. Usinielewe vibaya. Nilifurahi kwa sababu angalau mara moja nilikuwa na kitu ambacho mtoto wangu anakihitaji na ninacho mkononi. Baba aliye nyumbani anaweza kuweka kiganja kwenye paji la uso wa mtoto. Mimi nina mzigo wa kutuma, basi. Nikanunua vichupa, nikaongeza na boksi la vidonge vya mafua, nikampa mtu aliyekuwa anarudi Msambweni. Na nikakwambia kwenye simu, nakumbuka kila neno: "Ukibanwa, puliza. Usiogope, mimi natumia kila siku."

Ndivyo nilivyokufundisha. Kila siku.

Sasa nikwambie lililonitokea kabla ya Idi Kubwa. Nilishikwa na mafua mengine, haya ya homa na mwili kuvunjika. Kulikuwa na oda kubwa ya milango na hakuna aliyetaka kuwa mgonjwa wiki ile. Asubuhi nikachukua koponi vidonge vya njano, nikameza. Kwenye mkahawa wa chini nikanunua pakiti ya unga wa mafua, ule unaochanganya na maji ya moto, nikanywa. Nikapulizia kichupa changu kama kawaida. Na kwa kuwa usiku sikulala, nikanywa na kopo la kinywaji kile cha kutia nguvu. Nilipanda basi la kampuni nikijiona nimejiandaa kuliko wote.

Kabla ya mchana moyo ulikuwa unakimbia. Si kukimbia kwa kazi, maana nilikuwa nimesimama tu. Kichwa kilinigonga nyuma, hapa shingoni. Tulikuwa tunapandisha mbao pana kwenye lori, Kato upande mmoja na mimi upande wa pili, na nikaona lori linapanda na kushuka kama liko majini.

"Mzee, shika," Kato akasema. Kisha kwa ukali, "Mzee! Shika!"

Niliachia. Ubao ulianguka na ncha yake ikatua karibu kabisa na kiatu chake. Haukumgusa. Fomeni alikuja akipiga kelele, nami nikasimama wima nikamwambia, "Niko sawa, sir. Niko sawa, mkono umeteleza tu." Nikatabasamu na jasho linanitoka.

Ngoja nikueleze kwa nini nilidanganya, kwa sababu na wewe utafika mahali utataka kudanganya hivyo hivyo. Niliogopa kupelekwa kupimwa. Nilijiambia wakiona nina ugonjwa ni khalas, tiketi ya kurudi, na wewe na wadogo zako shule imekwisha. Basi nikaona bora niwe na ugonjwa nisioujua kuliko kuujua. Hebu fikiria ujinga wa namna hiyo: mtu anayeweza kumvunja mwenzake mguu anasema niko sawa.

Jioni kwenye basi Kato hakufanya mzaha, ndipo nikajua mambo ni mazito. Alisema, "Mzee, leo mguu wangu umepona. Kesho sijui. Tunashuka duka la dawa, mimi na wewe. Ukikataa, naenda kwa fomeni namwambia ukweli."

"Utaniharibia kazi?"

"Mguu wangu nao una kazi."

Tukashuka. Duka la dawa liko kona ya barabara ya kambi. Nyuma ya meza alikuwa mama mmoja wa makamo, baibui na koti jeupe juu yake, anaongea Kiarabu na mteja mmoja, Kiingereza na mwingine. Mimi nikamnong'oneza Kato kwa lugha yetu, "Mwambie nataka ile kali zaidi. Hii haifanyi kazi tena."

Yule mama hakuinua hata kichwa. "Kali zaidi ya ipi, baba?"

Kato alicheka mpaka akashika rafu. Kumbe ni wa ukoo wa Kizanzibari, amezaliwa hapahapa, na Kiswahili chake ni safi kuliko changu. Anaitwa Bi Zuhura. Alitwambia bibi yake alikuwa hakubali neno la Kiarabu jikoni, ukitaka kula uombe kwa Kiswahili. Kisha akaninyooshea kiganja.

"Haya, kitoe."

"Nini?"

"Hicho kichupa. Watu wa pua nyote mnacho mfukoni."

Nikakitoa. Akakigeuza akasoma. "Umeanza lini kukitumia?"

"Kitambo."

"Kitambo ndiyo lini? Kabla ya Ramadhani?"

"Ramadhani ya mwaka juzi," nikasema.

Akafumba macho kidogo. "Na karatasi ya ndani uliisoma?"

"Huwa tunazitupa. Cha kwanza kilikuwa cha chumba."

"Cha chumba? Mnapuliziana kichupa kimoja?"

"Tuko sita, dada," Kato akasema. "Ni mali ya umma. Lakini tunakifuta."

"Mnakifuta na nini?"

Kato akanitazama mimi. Nikasema, "Kwa fulana."

"Ya rabi! Basi mafua yenu hayatoki hapo chumbani, yanazunguka tu kama watu kwenye foleni ya bafu."

Alinipima presha. Hakupenda alichokiona, akanikalisha kimya kidogo, akapima tena. Safari hii hakutania. Aliniuliza nimemeza nini tangu asubuhi, nikamtajia yote, rangi kwa rangi. Akasema niende kliniki jioni ileile, si kesho, na kwamba daktari akiuliza nisifiche hata kile kinywaji cha kopo. Kato akanipeleka. Daktari alinishika nusu ya usiku mpaka moyo ukatulia, na aliyoyasema ndiyo yaleyale ya Bi Zuhura. Lakini nakuandikia ya Bi Zuhura, kwa kuwa yeye alinieleza kwa lugha ninayoota nayo.

Alisema hivi. Ndani ya pua mna mishipa midogo ya damu. Mtu akiwa na mafua inajaa, pua inavimba kwa ndani na njia inaziba. Dawa ile inaibana mishipa, njia inafunguka. "Ni dawa nzuri, siikashifu," akasema. "Naiuza mwenyewe. Lakini ni ya siku chache, tatu hivi, au kama karatasi yake inavyosema, basi unaacha. Ukiendelea, mishipa inazoea. Dawa ikiisha nguvu inavimba kuliko mwanzo, weye unapuliza tena, inavimba tena. Sasa hivi huna mafua ya pua, baba. Una dawa ya pua."

Nilirudia maneno hayo njia nzima. Sina mafua. Nina dawa.

Halafu vidonge. Baadaye tulimpelekea kimoja cha njano, akakitambua kwa alama zake. Vile vya njano vilikuwa na dawa ya kuzibua, ndugu yake ile ya kichupa, ila ukiimeza haiishii puani, inazunguka mwili mzima. Huko nako inabana mishipa, presha inapanda, moyo unakwenda mbio, usingizi unakimbia. Na ule unga wa pakiti ulikuwa na dawa ileile. Vyote viwili vilikuwa pia na dawa ya homa ileile, ambayo ukiizidisha inaumiza ini. "Ulidhani umekunywa dawa tofauti," akaniambia. "Umekunywa moja, ukairudia." Akanionyesha kwenye maboksi ya dukani mwake: jina kubwa la mbele ni la muuzaji, la kweli ni lile dogo la nyuma. Mimi niliyeachia darasa la sita nilikuwa nadhani maandishi madogo ni ya madaktari. Ni yetu. Tena yale ya onyo yameandikwa kwa maneno mepesi kabisa, ukitulia.

Ulivyo, najua sasa unasema, baba, mimi ni kijana, sina presha, na kidonge simezi. Ni kweli, na ndiyo maana sikuandikii kwa hofu. Wewe una pua iliyozoeshwa, basi, na pua iliyozoeshwa inarudi hali yake. Yangu ilikuwa mbaya kuliko yako na imerudi.

Lakini nisikufiche kwamba kuacha kulinitesa. Usiku wa kwanza nilikaa kitandani kama kuku wa kutaga, siwezi kulala chali, siwezi kulala ubavu. Nilikitamani kile kichupa kuliko nilivyowahi kutamani sigara zamani. Niliinuka, nikakaa, nikainuka. Kato akaniambia kutoka juu, "Mzee, leo unakoroma ukiwa macho. Hicho ni kipaji."

Kilichonisaidia ni jambo ambalo mtu mwenye haraka hawezi kuligundua peke yake. Bi Zuhura alisema si lazima niache pua nzima kwa mara moja. Niache tundu moja. Jingine niendelee kulipulizia kama kawaida, ili nipate pa kupumulia usiku, na lile lililoachwa nilioshe tu kwa maji ya chumvi ya dukani, yale ya pua, hayana dawa ndani. Daktari akanipa na dawa nyingine ya kutuliza uvimbe, ambayo si ya kundi lile. Nikaachisha tundu la kulia. Lilikaa limekufa siku nyingi, nikaanza kukata tamaa. Kisha asubuhi moja nilikuwa nashusha mbao kwenye lori, nikasikia harufu. Harufu tamu, kama asali iliyoungua kidogo. Nikatazama huku na huku nani anapika. Hakuna aliyekuwa anapika. Ilikuwa ni mbao yenyewe. Mejumaa, miaka yote nimebeba mbao begani, na sikujua kwamba mninga hauna harufu moja na msonobari. Nilichukua kipande nikakinusa nimesimama katikati ya uwanja, na fomeni akauliza, "Bakari, unakula mbao sasa?"

Huyo fomeni niliyemwogopa, siku ya pili baada ya kliniki nilimwambia kila kitu. Alinikemea, lakini si kwa kuumwa. Alisema, "Kwa nini hukuniambia kabla ya kushika ubao?" Akaniweka kwenye kupanga vitasa vya milango mpaka daktari aliporidhika. Hakuna khalas wala tiketi. Woga wote ule nilikuwa nimeutunga mwenyewe. Si kila bosi atakuwa hivyo, sikudanganyi, lakini mimi sikumpa hata nafasi ya kuwa mwema.

Baada ya la kulia nikaachisha la kushoto, na hilo halikusumbua sana. Presha imeshuka. Bado naipima kwa Bi Zuhura kila nikipita, na yeye bado ananiuliza mbele ya wateja kama fulana imefuliwa. Kopo la biskuti lipo, lakini sasa kila dawa inakaa na boksi lake na karatasi yake, na kichupa cha pua kila mtu ana chake na hakiguswi na mwingine. Kato ameandika jina lake juu ya chake kwa wino mwekundu, kama mtu atakiiba.

Utauliza, baba, kama ulijua haya tangu kabla ya Idi Kubwa, mbona hukuniambia? Nilidhani ulikitumia wakati wa mtihani tu ukakiweka. Hiyo ndiyo nusu ya jibu. Nusu nyingine ni kwamba sikutaka kukuuliza, nisije nikasikia. Ulipoomba vitatu nikasikia.

Huko uendako mtakaa wasichana kadhaa chumba kimoja. Mtagawana sukari, mafuta ya nywele, na habari za nyumbani. Gawaneni. Usiwe mchoyo. Lakini mwenzako akija na pua imeziba, usimpe chako kwa sababu eti kilikusaidia. Hujui kama ana presha, au moyo, au ana mimba na hajamwambia mtu, au anameza dawa nyingine ambayo haipatani na hii. Mpeleke akaulize, hata mkienda mnataniana njiani. Na wewe ukiingia duka la dawa, taja kila unachotumia. Usione haya. Mimi nimemtajia mfamasia fulana yangu. Wewe utashindwa na nini? Na ukiona moyo unakimbia bila sababu, au kifua kinabana, au kichwa kinauma namna usiyoijua, hapo si pa duka, hapo ni hospitali, na humwambii mtu uko sawa.

Baridi ya Kericho itakuziba pua, hilo halina shaka. Mtu wa Pwani akipanda huko lazima alipe kidogo. Pua ikiziba kwa mafua, ni mafua, yatapita: maji ya moto, mvuke kidogo ukiangalia usijiunguze, maji ya chumvi ya pua, na kulala umeinua kichwa. Ikiziba wiki nenda wiki rudi, zahanati ya chuo itakuangalia, pengine ni vumbi tu au maua ya huko, na yana dawa zake za kukaa nazo muda mrefu. Sitaki uogope dawa. Aliyeniokoa ni mtu wa dawa. Nataka tu ujue jina la kitu unachokiingiza mwilini, na siku yake ya kukiacha.

Kuna jambo la kufanya leo kabla hujalala. Lile boksi la vidonge vya mafua nililotuma pamoja na vichupa, sijui mamako ameliweka wapi. Mamako ana presha, na najua kabisa siku akishikwa na mafua, mimi siko na wewe uko chuoni, atasema, si kuna vile vya Dubai? Liondoe nyumbani. Mpe yule kijana wa duka la dawa sokoni akaliteketeze, na mwambie mamako kwa nini, mwambie nimesema mimi, na kwamba nilikosea. Atanipigia anigombeze. Nitafurahi kugombezwa.

Kisha fungua begi. Najua umefungasha vichupa, na najua hakuna aliyekuona. Vyenye kifuniko kisichofunguliwa viache. Chukua kile kimoja unachokitumia, kwa sababu sikutumi vitani mikono mitupu, na nunua maji ya chumvi hapo stendi au ukifika. Chagua tundu moja la kuliachisha. Usiku wa kwanza utanichukia. Nipigie hata hivyo, muda wowote, Kato ameshazoea. Sitakupa hotuba, nitakaa tu kwenye simu mpaka upate usingizi, na kama hukupata tutazungumza habari za kuku.

Sitaki uniahidi kitu. Ahadi za kwenye simu nimekupa nyingi mimi mwenyewe, najua zilivyo nyepesi. Kesho gari likiondoka, niandikie neno moja tu, ni tundu gani umeanza nalo: la kulia au la kushoto.

Babako,
Bakari